Hesabu Zilizoandikwa Mguuni

Mwaka ambao madaftari yalikwisha kabisa madukani, nilikaa dawati moja na msichana ambaye mpaka leo sijaona wa kumfananisha naye kwa hesabu. Tulikuwa darasa la saba katika shule ya msingi pembeni mwa mji wa Babati. Wote wawili tulikuwa na miaka kumi na minne. Yeye alikuwa mrefu, mwenye viganja vya mtu mzima. Mimi nilikuwa msichana mdogo wa umbo, tena mwoga wa kusema mbele za watu. Mwalimu mkuu alinikalisha naye kwa sababu alijua sitampigia kelele.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, miaka ya shida. Sabuni ilikuwa habari ya kusikia tu. Nguo tulifulia majani ya mpapai. Kwenye duka la ushirika mama zetu walipanga mawe kwenye foleni tangu alfajiri, kila mtu na jiwe lake, kisha wakaenda kulima. Mara nyingi mzigo haukuja, na mawe yakalala pale pale. Mafuta ya kupaka hayakuwapo kabisa. Miguu yetu ilipauka ikawa ya kijivu kama magome ya mti. Nataja mafuta kwa sababu bila hayo mengine nitakayosema hayaeleweki.

Daftari moja lilikatwa kwa kisu, nusu yako, nusu ya mwenzako, na nusu hiyo iwe ya masomo yote mpaka muhula uishe. Mwalimu mkuu ndiye aliyetufundisha hesabu. Alikuwa mtu mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na alikuwa na sheria yake.

"Karatasi haioti kama magugu," alisema. "Kwenye daftari andika jibu tu. Njia ya kutafutia jibu kaifanyie pengine."

Ukikutwa umeandika njia kwenye daftari, fimbo mbili. Ukiruka mstari, fimbo moja. Tukajifunza kuandika herufi ndogo kama mayai ya siafu, na hesabu tukazifanyia pengine. Wavulana walitoka nje wakaandika kwenye vumbi. Wengine waliandika kwenye dawati kwa mate. Mwenzangu aliandika mguuni.

Alikunja mguu wa kulia juu ya goti la kushoto, akavuta sketi kidogo, akachukua kijiti kikavu. Ngozi iliyopauka ukiikwaruza taratibu inatoa mstari mweupe, unaosomeka vizuri kuliko chaki kwenye ubao wetu uliochakaa. Alianza chini ya goti, akashuka mstari kwa mstari mpaka kwenye kifundo. Akimaliza alilowesha kidole kwa mate, akafuta, akaanza upya. Mimi niliyekaa upande wake niliziona tarakimu zikishuka mguuni mwake kama watu wanaoteremka mlima kwa safu. Mara nyingi niliacha hesabu zangu nikatazama zake. Sikuzielewa zote. Ila nilijua nikiona kijiti kimesimama, jibu limepatikana, na halikuwahi kuwa na kosa.

Hilo la kuandika mguuni nalo lilikatazwa. Mwalimu mkuu aliwahi kumkuta msichana wa darasa la tano amejichora mikono yote, akasema shule si mahali pa kujichora, akamchapa paredini. Kwa hiyo mwenzangu alifanya kazi yake chini ya dawati, na mimi nilikaa nikiwa nimeegemea mbele kidogo ili nimkinge. Hatukuwahi kupatana hivyo kwa maneno. Ilitokea tu.

Siku moja mwalimu mkuu alitangaza kwamba atakuja mgeni kutoka nchi za nje, na kwamba mgeni huyo anapima hesabu za wasichana wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na mitano. Karatasi zake zimefanywa na wasichana wa nchi nyingi, maswali yale yale, na sasa ni zamu ya shule chache za Tanzania. Wavulana wa darasa letu walifurahi kupita kiasi.

"Sasa mtapimwa vichwa!" mmoja alisema. "Wataleta mizani."

"Wakipima cha kwako wataweka jiwe upande wa pili ili kisipae," mwenzangu akamjibu bila kuinua macho, na darasa zima likacheka.

"Haya, Profesa. Ukawashinde Wazungu, na sisi tutakaa hapa tukifagia."

"Fagieni vizuri. Jana mliacha uchafu nyuma ya choo."

Mgeni alifika jioni kwa Landrova iliyojaa vumbi. Alikuwa mama wa Kizungu, mtu mzima, mwenye nywele fupi za mvi, na alisema Kiswahili polepole, neno moja moja, lakini sahihi. Alikuwa na sanduku la bati lenye karatasi. Mlango wa ofisi ya shule ulikuwa hauna kufuli, kwa hiyo sanduku likalazwa nyumbani kwa mwalimu mkuu, hapo hapo nyuma ya shule. Sanduku lilikuwa na kitasa, lakini ufunguo wake ulipotea njiani, likafungwa kwa kamba.

Wasichana wa darasa la saba tulikuwa na zamu ya kuteka maji ya nyumba ile. Wiki hiyo zamu ilikuwa ya mwenzangu. Asubuhi ya mtihani alikwenda na ndoo kama kawaida.

Sisi wasichana tulikuwa kumi na tisa. Tulikalishwa mmoja mmoja, ila madawati hayakutosha, na mimi na yeye tukabaki pamoja, yeye pembeni kabisa ukutani. Mgeni alipita akiweka karatasi mbele ya kila mtu. Nataka nieleze karatasi zile. Zilikuwa nyeupe namna ambayo nilikuwa nimeisahau. Zilinukia. Kila mmoja alipewa kurasa nane, na kila ukurasa ulikuwa na maswali matatu tu, na pembeni ya kila swali palikuwa na nafasi kubwa tupu yenye mistari minne kuizunguka, kama chumba kisicho na kitu. Msichana wa nyuma yangu aliipitisha karatasi shavuni mwake.

Mgeni alitusomea maelezo ya juu. Mojawapo lilisema tuonyeshe njia katika nafasi iliyoachwa. Tukaitikia ndiyo. Kisha akatoka kwenda kuleta saa yake garini, na mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaingia hatua moja.

"Msiniaibishe," alisema. "Karatasi za watu ziwe safi. Mnanisikia?"

"Ndiyo, mwalimu."

Basi hapo ndipo tulipokosea, wote kumi na tisa. Ilikuwa kama kuwa na amri mbili mkononi. Moja imeandikwa na mtu atakayeondoka kesho, ya pili imesemwa na mwenye fimbo atakayebaki. Tena kwa kweli si fimbo tu. Nafasi zile tupu zilikuwa nzuri mno. Nani angezichafua kwa kujumlisha na kutoa? Msichana wa nyuma alininong'oneza, "Mimi siandiki humo. Wataikata hiyo sehemu waitumie." Nikaona ana akili. Nikaandika majibu yangu kwa herufi za mayai ya siafu kwenye mstari wa jibu, na vyumba vyote nikaviacha vitupu. Njia nilifanyia kwenye kiganja.

Mwenzangu alikunja mguu.

Sijawahi kumwona akifanya kazi vile. Kwa kawaida alikuwa na haraka. Siku ile alisoma swali, akakaa, akalisoma tena, akatabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu sokoni, ndipo akainama. Kijiti kilishuka mguu wa kulia, kikahamia wa kushoto. Alifuta kwa mate mpaka mate yakamkauka, akaanza kufuta kwa kiganja. Kuna swali moja alilikalia muda mrefu, halafu nikaona ameandika tarakimu chache sana, kama tano, sita, na kijiti kikasimama. Nilitazama karatasi yangu. Swali lile lile mimi nilikuwa nimejumlisha kwenye kiganja mara ishirini, na mara mbili nilipotea.

Lilisema hivi: ukumbi una safu ishirini za viti. Safu ya kwanza ina viti vitano, na kila safu inayofuata ina viti vitatu zaidi ya iliyotangulia. Ukumbi mzima una viti vingapi?

Yeye alikuwa ameandika 670. Mimi nilikuwa na 641.

Mchana tulikula makande. Mgeni na mwalimu mkuu walikuwa ofisini wakisahihisha. Kabla ya kengele ya kurudi nyumbani, mwenzangu akaitwa. Mimi nilimsubiri nje, karibu na dirisha lisilo na kioo, kwa hiyo nilisikia yote.

"Umepata maswali ishirini na matatu kati ya ishirini na manne," mwalimu mkuu alisema. "Wenzako hawajafika kumi na tano. Na hakuna njia hata moja. Kote kweupe. Umeyapata wapi majibu haya?"

"Nimefanya, mwalimu."

"Umefanyia wapi?"

Nilijua mwenzangu anawaza fimbo ya kujichora, na hatasema.

"Asubuhi ulileta maji nyumbani kwangu?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Uliliona sanduku?"

"Niliona."

"Ulilishika?"

"Nililishika, mwalimu."

Hata mimi pale nje nilifumba macho. Alikuwa hivyo. Ukimuuliza kitu anakujibu hicho ulichouliza, wala haongezi kingine.

"Ulilishika ulifanya nini?"

"Nililisogeza. Maji yalimwagika, nikaona litalowa."

"Likafunguka, ukasoma."

"Sikusoma, mwalimu."

"Na hili moja uliloliacha, umeliacha makusudi ili tusikushtukie?"

"Hilo sikulielewa. Linasema mtu amepanda chumba kinachokwenda juu na chini ndani ya nyumba. Sijui chumba hicho kinaanza kuhesabiwa wapi."

Mgeni alisema jambo kwa sauti ndogo, kwamba labda wasubiri. Lakini mwalimu mkuu alikuwa ameshakasirika, nadhani kwa aibu, kwa sababu sanduku lilikuwa chini ya dhamana yake. Alisema mwizi wa mtihani hafanyi mtihani. Mtihani wa kumaliza darasa la saba ulikuwa umebaki miezi miwili, na orodha ya watahiniwa ilikuwa pale mezani haijapelekwa. Alisema kesho asubuhi, mbele ya mzazi, atalikata jina lake.

Akaandika barua. Kaka mmoja wa darasa letu, jirani yao, akapewa aipeleke kwa mama wa mwenzangu.

Mama yake hakujua kusoma. Barua ilimkuta kwenye mashine ya kusaga, siku hiyo dizeli ilipatikana na wanawake wa kijiji chao kizima cha Sigino walikuwa pale na mafurushi yao. Akamwomba mwanamke mmoja aliyesoma amsomee, na yule msomaji, kwa kuwa mashine ilikuwa inanguruma, akaisoma kwa sauti ya juu: *Mtoto wako ameiba mtihani. Fika shuleni kesho saa mbili.* Mimi sikuwapo. Ila jioni, nilipofika nyumbani kwetu Nakwa, habari ilikuwa imeshafika kabla yangu.

"Huyo unayekaa naye," mama yangu alisema, "ndiye mwizi?"

"Si mwizi."

"Wewe umejuaje?"

Nilikuwa najua, na kujua kwangu kulinichoma kama pilipili, kwa sababu nilijua pia kwamba lazima niseme, na mimi na kusema hatukuwa marafiki.

Asubuhi nikaitwa. Sikujitolea, niseme kweli. Mwalimu mkuu aliniita kwa kuwa nilikaa naye dawati moja. Ofisini alikuwamo mgeni, amekaa kwenye kiti, karatasi zetu mbele yake. Mwenzangu amesimama. Mama yake amekaa kizingitini, jembe limelazwa kando ya miguu yake, khanga moja imefunika mabega ingawa haikuwa baridi. Hakutazama mtu.

"Wewe," mwalimu mkuu aliniambia, "ulikaa naye. Ulimwona akifanya hesabu?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Sikusikii."

"Ndiyo, mwalimu."

"Akiandika wapi?"

Nikanyoosha kidole nikaonyesha mguu wake.

"Sema kwa mdomo!"

"Mguuni, mwalimu."

Mwenzangu alinitazama kama niliyemsaliti. Mwalimu mkuu akavua miwani. Mgeni akauliza, "Mguuni ni hapa?" akijigusa mguu wake mwenyewe. Nikatikisa kichwa kukubali. Mgeni akainuka.

"Unaweza kunionyesha?" alimuuliza mwenzangu.

Mwenzangu akamtazama mwalimu mkuu. Naye mwalimu akasema, "Onyesha. Hakuna atakayekuchapa."

Akachomoa kijiti kwenye fagio lililosimama kwenye kona. Akakaa chini, kwenye sakafu ya saruji, akakunja mguu. Na yule mama wa Kizungu, mwenye mvi zake, akapiga magoti sakafuni mbele yake. Sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akimpigia magoti mtoto.

"Fanya swali la viti," mgeni alisema.

Akaandika tano, na chini yake sitini na mbili. Akaandika sitini na saba. Akaandika kumi. Akaandika mia sita na sabini. Kijiti kikasimama.

"Subiri," mgeni alisema. "Umejumlisha safu ya kwanza na ya mwisho. Kwa nini? Swali halikusema hivyo."

"Ndivyo tunavyogawana palizi."

"Palizi?"

"Kupalilia mahindi, mama," mwalimu mkuu alisema.

Mwenzangu alisahau kuogopa. Nilimwona akisahau. Uso ulimfunguka kama alipokuwa akisoma maswali.

"Shamba letu liko mteremkoni," alisema. "Juu jembamba, chini pana. Mstari wa juu ni mfupi, na kila ukishuka mistari inarefuka. Sasa mimi na dada yangu tukigawana nusu kwa nusu, wa juu akachukua mifupi yote, wa chini atalia. Kwa hiyo anayechukua mfupi kuliko yote, anachukua na mrefu kuliko yote. Anayechukua wa pili kutoka juu, anachukua wa pili kutoka chini. Kila jozi ni sawa na nyingine. Hapo hakuna wa kulalamika. Mistari ishirini ni jozi kumi. Basi."

Mgeni alikuwa anautazama ule mguu kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. Halafu akasema, na nadhani sasa hakuwa anapima wizi tena, alikuwa anataka kujua tu:

"Na mistari ikiwa ishirini na moja? Mmoja utabaki."

"Utabaki wa katikati. Hauna mwenzake."

"Ndiyo. Huo anapalilia nani?"

"Wote wawili," mwenzangu alisema, akishangaa kwamba mtu anaweza kuuliza hilo. "Mmoja anaanzia huku, mwingine kule, tunakutana."

Akafuta kwa mate. Akaandika tano, na sitini na tano. Sabini. Jozi kumi, mia saba. Kisha chini kabisa, karibu na kifundo, akaandika thelathini na tano, nusu ya sabini, nusu ya kazi ya watu wawili. Mia saba thelathini na tano. Hakutumia hata pumzi kumi. Swali hili halikuwa kwenye karatasi yoyote. Mgeni alikuwa amelitunga pale pale, na hata yeye ilibidi achukue kalamu ajumlishe kwenye daftari lake ili ajue kama ni kweli. Tulisubiri. Akamaliza, akapigia jibu mstari mara mbili.

"Mimi nilifundishwa njia hii chuoni," alisema, bado yuko sakafuni. "Kwa herufi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa." Akamgeukia mwalimu mkuu. "Njoo utazame."

Mwalimu mkuu akavaa miwani, akainama. Alitazama muda mrefu mguu ule wa kijivu wenye tarakimu nyeupe. Mimi nilikuwa nimesimama juu yao wote watatu, na nakumbuka niliwaza kwamba kwenye shamba lile nimepita mara nyingi nikimfuata twende shule, nimeiona mistari ile, na nikaona mahindi tu.

"Lakini kwa nini hamkuandika kwenye nafasi?" mgeni aliuliza. "Wote. Wote kumi na tisa. Nani aliwaambia?"

Mwenzangu angeweza kunyamaza mpaka jioni. Mwalimu mkuu naye niliona bado hajakumbuka. Alikuwa anatutazama kwa kweli, akitaka kujua.

"Wewe, mwalimu," nikasema.

Sijui ilitoka wapi. Ilitoka kwa sauti ya kawaida, kama naomba maji.

"Mimi?"

"Ulisema karatasi ziwe safi. Na siku zote unasema tuandike jibu tu."

Alisimama wima. Nikajiandaa kwa kofi. Akaenda mpaka dirishani, akakaa hapo akitazama nje, ambako wavulana walikuwa wanafagia. Alipogeuka hakunitazama mimi. Alimtazama yule mama kizingitini, akamsogelea, akachuchumaa ili wawe sawa.

"Mama," alisema, "mtoto wako hakuiba. Nilikosea mimi."

Mimi nilikuwa nimesoma shule ile miaka saba. Neno lile sikuwahi kulisikia kwa mwalimu yeyote, na nadhani kuta nazo hazikuwahi kulisikia.

Mama yule Kiswahili chake kilikuwa kizito, cha mtu aliyezaliwa juu Mbulu akakijifunza ukubwani. Alifikiri kwanza.

"Jina?"

"Jina liko palepale. Sijalikata."

"Atafanya mtihani?"

"Atafanya, mama. Pamoja na wenzake."

Nilitegemea atashukuru, ainuke, achukue jembe. Hakuinuka.

"Mwalimu," alisema. "Kule juzi..." akajisahihisha, "jana, kwenye mashine, wamesoma barua. Watu wote wamesikia mtoto wangu mwizi. Sasa wewe unaniambia hapa, mlangoni. Mimi nikienda kuwaambia, watasema mama anamtetea mtoto."

"Nitawaambia mwenyewe nikiwaona."

"Utawaona lini?" Hakusema kwa ukali. "Ile ya kwanza uliandika. Na hii andika."

Mwalimu mkuu alisimama. Alikwenda mezani, akafungua mtoto wa meza. Nilijua humo mna karatasi ngapi, sote tulijua, kwa sababu alizihesabu mbele yetu. Akatoa moja, nzima. Akaketi, akaandika bila kubana herufi, akaruka mstari baada ya kila sentensi. Akagonga muhuri wa shule. Akamletea mama, mikono miwili.

Mama aliishika kwa ncha za vidole. Akaigeuza, akatazama muhuri, akatazama maandishi. Kisha akaninyooshea mimi. Si binti yake. Mimi.

"Wewe soma."

Mimi husoma polepole, hata leo. Na pale palikuwa na mgeni, na mwalimu mkuu, na mwenzangu ameketi sakafuni mguu wake bado umejaa namba.

"Mtoto wa mama huyu hakuiba mtihani," nilisoma. "Hesabu zote alizifanya mwenyewe, na alizifanya kwa akili ambayo mimi sikuwahi kumfundisha. Mimi mwalimu mkuu nilikosea."

"Hapo mwisho anasema nini?"

"Mimi mwalimu mkuu nilikosea."

Mama akatikisa kichwa kukubali, lakini hakuridhika.

"Kesho dizeli ipo," alisema. "Watakuwa wengi. Utakuja na mimi, utawasomea wewe. Yule wa jana ataruka maneno." Akainuka, akajipangusa vumbi, akashika jembe lake. "Ila sauti hiyo haifai. Mashine inanguruma. Rudia. Kwa nguvu."

Nilimtazama mwalimu mkuu. Alikuwa ameinamisha kichwa, akafanya ishara kwa mkono kwamba nisome.

Nikavuta pumzi, nikarudia tangu mwanzo, kwa nguvu, na nje mafagio ya wavulana yakanyamaza moja baada ya jingine.